Posa ya Siku ya Paska

Ujumbe wa Stanislas Mathe ulifika Mutwanga kwa mdomo wa dereva wa pickup, mbele ya watu waliokuwa wakipakia magunia ya kahawa kando ya barabara. Wageni wa posa wangepokelewa Butembo siku ya Paska yenyewe, baada ya misa. Si kabla, si baada.

Ananie Lusenge, shemasi wa kanisa, aliusikia ujumbe huo akapandisha suruali yake kiunoni kama mtu aliyeitwa na gavana. Stanislas alikuwa na duka la milango minne, malori mawili na nyumba ya ghorofa, vita au pasipo vita. Kwa Ananie, mtu wa namna hiyo akikutajia siku, hata kama ni siku mbaya, amekwisha kukuheshimu. Alirudi nyumbani akisimama kwa kila jirani ili kumweleza.

Mke wake Kyakimwa alikuwa anachambua maharagwe.

"Paska? Butembo?" aliuliza. "Baba Sadrack, siku ya Paska Butembo yote inafungwa. Ijumaa Kuu banafunga, dimanche yenyewe banafunga, lundi ya nyuma yake banafunga. Ata mutu wa kuuzisha chumvi iko ku kanisa. Blanketi ya mama ya binti tutainunua wapi? Na valise ya nguo? Na bitenge?"

"Samedi banafungua," Ananie alisema, maana Jumamosi ilimtosha.

"Banafungua saa kidogo asubui, kisha kila mutu anaenda kwake kujitayarisha. Mi nilipeleka maharagwe kule miaka mingi, ninajua. Twende jeudi. Tununue kila kitu pale Beni, tuingie Butembo na mizigo yetu imetimia."

Ananie alicheka kwa pua. "Bitu ya Beni! Unataka tupelekee mama ya binti, Kahongya, blanketi ya Beni, baseme sisi ni batu ya pori? Tutanunua Butembo, ku maduka yenyewe. Na jeudi haiwezekane. Alhamisi Kuu njo mimi natumika ku meza ya Bwana."

"Ézéchias hawezi kutumika?"

"Ézéchias!" Ananie alilitamka jina la shemasi mwenzake kama mtu anayetema mbegu.

"Basi, tumuombe Papa Stanislas atupatie siku ingine."

"Mutu mukubwa anakupatia siku, weye unamuambia hapana? Ulitokea wapi, mama?"

Kuna wanaume wanaofikiri kwamba kukubali kila neno la tajiri ni adabu. Ananie alikuwa mmoja wao, na alikuwa amemlea mwanawe katika adabu hiyo hiyo. Sadrack, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mrefu mwenye maandishi mazuri ubaoni, alikuwa ameketi mlangoni akifuta viatu vyake. Posa ilikuwa yake. Eliane, binti wa Stanislas, alikuwa amekuja kufanya mazoezi ya uuguzi kwenye kituo cha afya cha Mutwanga. Walikuwa wameongea jioni nyingi kwenye ukuta wa kituo kile, na ni Eliane aliyesema wa kwanza kwamba anamtaka.

"Na weye, Sadrack," mama yake alimwuliza, "unasema nini?"

"Papa anajua," Sadrack alijibu, akageuza kiatu upande wa pili.

*

Kwa hiyo waliondoka Jumamosi, kabla jua halijatoka, watatu juu ya lori pamoja na mbuzi watano. Mbuzi walikuwa wazuri. Kyakimwa aliwafuga mwenyewe, akawafungia wakati wanajeshi walipopita, hata chini ya kitanda chake mwenyewe, huku akiwashika midomo. Mwaka ule askari wa waasi na askari wa Uganda walikuwa wanapanda na kushuka kila barabara ya Beni, na mbuzi aliyelia alikuwa mbuzi aliyekwenda.

Walipita Beni salama. Mbele, karibu nusu ya njia ya Butembo, kulikuwa na kamba iliyofungwa mti kwa mti, na askari wamelala kwenye majani.

"Paska na biso wapi?" mmoja aliuliza kwa Lingala, akidai zawadi yake ya sikukuu hata kabla dereva hajazima injini.

Dereva alitoa chake. Haikutosha. Lori lilisimamishwa, kisha la nyuma yake, kisha la tatu, mpaka jua likawa utosini na mchana ukaanza kuinama. Kila lori lilitoa kitu. Ilipofika zamu ya mbuzi, askari walishika kamba tatu. Kyakimwa alishuka, akaishika kamba ya tatu kutoka upande wa pili.

"Chef, hii ni mali ya ndoa. Weye pia mama yako aliolewa. Munachukua mbili, mutuachie tatu, batu ya binti basitufukuze."

Askari alimtazama, akatazama mkono wake juu ya kamba. Pengine alikuwa na mama. Pengine alikuwa amechoka tu. Aliachilia.

"Aksanti sana, chef!" Ananie alisema kutoka juu ya lori. "Mungu awabariki, mukuwe na Paska muzuri!"

Kyakimwa alipanda, akawafunga upya mbuzi watatu waliobaki. Mtu anayeshukuru mnyang'anyi kwa sauti namna hiyo hana haja ya kujibiwa.

Waliingia Butembo saa ya kufunga. Kwenye barabara kubwa, milango ya mabati ilikuwa ikishuka mmoja baada ya mwingine, kwa kelele kama ya mvua ya mawe. Kyakimwa aliruka chini, akakimbia kwenye duka la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alimkuta mwanamke akitia kufuli.

"Mama, blanketi moja tu. Tafazali."

"Nilishafunga hesabu, mama. Na nywele zangu hazijasukwa bado. Urudie mardi, Jumanne."

Ananie alibaki amesimama na mbuzi katikati ya barabara, akiangalia huku na huku, kana kwamba mji mzima ulikuwa umefunga makusudi ili kumshangaza.

Walilala kwenye darasa la shule ya kanisa, juu ya madawati yaliyounganishwa, mbuzi wamefungwa kwenye miguu ya ubao.

*

Jumapili asubuhi Ananie alikwenda ibadani, kwa sababu mchungaji wa pale alikuwa ameahidi kuwatambulisha wageni, naye hakutaka kukosa kusimama. Alimchukua Sadrack. Kyakimwa alikwenda kugonga milango.

Aligonga nyuma za nyumba za wafanyabiashara aliowauzia maharagwe kwa miaka, watu waliokuwa wakimwita dada wakati mavuno ya kwao yalipokufa. Harufu za mafuta na vitunguu zilitoka kwenye kila jiko. Watoto walikuwa na soksi nyeupe. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuja mpaka mlangoni, shati halijafungwa vifungo, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alimwambia kwa upole, kama mtu anayefundisha katekisimu, "leo Bwana amefufuka. Urudie mardi."

Akafunga.

Alirudi darasani mikono mitupu. Ndani ya kikapu alikuwa na kitenge chake kimoja kipya, ambacho alikuwa hajakivaa. Alikitunza kwa ajili ya siku hii. Alikinyoosha kwa viganja, akakikunja upya kama vinavyokunjwa dukani, akakiweka juu ya chumvi na majembe mawili waliyotoka nayo nyumbani. Yeye alivaa kile cha safari, chenye vumbi la lori. Wanaume wake wawili walirudi kutoka ibadani wakiwa wamechangamka.

"Balitupigia makofi," Ananie alisema.

*

Nyumba ya Stanislas ilikuwa juu ya duka lake. Duka lilitazama barabara, na mlango wake wa nyuma ulitazama ua. Wageni wa posa waliambiwa wangoje ukumbini chini, kwa maana watu wa misa walikuwa bado wanakula juu. Walingoja. Vicheko vilishuka ngazi, vikafuatwa na sahani tupu. Ananie alikaa ncha ya kiti akishika kofia. Kila mara mtu alipopita alisimama nusu, akasalimu, akakaa tena, hata kwa msichana aliyebeba ndoo ya maji machafu.

Walipoitwa juu walikuta viti vyote vimekaliwa. Waliletewa benchi. Kahongya, mama wa binti, aliona miguu ya Kyakimwa ilivyo na vumbi, akavuta zulia kidogo upande wake. Chakula walichopewa kilikuwa kimepoa, na nyama ilikuwa ya shingo.

Katikati ya meza, mahali pa heshima, alikaa kamanda wa kikosi cha mji, kijana wa miaka isiyofika thelathini mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Miezi miwili nyuma alikuwa amemwuliza Stanislas, katika mambo mengine, kama yule binti wake mwuguzi ameshapata mtu. Stanislas hakumjibu ndiyo wala hapana. Tangu siku hiyo malori yake mawili yalipita kwenye kila kamba bila kusimama. Posa ya watu wa Mutwanga ilikuwa imetangazwa zamani, mbele ya ukoo, na kuivunja kungekuwa aibu kwake. Ndipo alipokumbuka Paska. Watu wale wangekuja mikono mitupu, wao wenyewe wangekosa, naye asingekuwa amemfukuza mtu. Alikuwa ameungama Alhamisi na kushiriki asubuhi hiyo, na hakuona kwamba jambo hili lilihusika.

"Karibuni, karibuni," Stanislas alisema. "Wandugu zetu ba Protestant. Mulifika na mbuzi ngapi?"

"Tatu, baba," Ananie alijibu. "Tulitoka na tano, lakini ku bariere ya njiani..."

"Ku bariere?" Kamanda alinyanyua kichwa. "Bariere ilifanya nini?"

"Hapana, chef, hakuna kitu!" Ananie alisema haraka. "Batu muzuri sana kule. Njo sisi tulibapatia, zawadi ya Paska."

Watu walicheka. Kamanda alirudi kwenye bia yake.

"Tatu," Stanislas alirudia, akiwatazama wajomba na shangazi kana kwamba anaomba msaada wao. "Na blanketi ya mama?"

"Baba, maduka inafungwa. Jana tulifika banafunga."

"Valise?"

"Ile pia, baba."

"Mulikuwa hamujue kama kuko Paska? Kule kwenu Mutwanga Yesu hakufufuka?"

Walicheka tena. Ananie alicheka pamoja nao, kwa nguvu kuliko wote. Shangazi mmoja alichukua kitenge kutoka kikapuni, akakifungua, akakinusa.

"Hii inanuka moshi," alisema.

"Tungekuwa na fasi ya kununua, tungenunua ata sasa hivi," Ananie alisema. "Labda, baba, kwa duka yenu, kama mungetuuzishia blanketi moja..."

Stanislas aliweka mkono juu ya kifua. Sauti yake ikawa ya kanisani.

"Ndugu yangu, miaka makumi mbili sijafungua duka siku ya Paska. Ata bishop mwenyewe akuye. Mimi ni mukristo."

*

Kyakimwa aliomba njia ya choo. Choo kilikuwa uani. Alipotoka ndani yake, aliona mlango wa nyuma wa duka uko wazi. Kahongya mwenyewe alikuwa amesimama pale, funguo kiunoni, akiwahesabia askari wawili kreti za bia. Baada ya bia zikaja blanketi, zenye maua mekundu, bado ziko ndani ya plastiki. Askari walizitupa ndani ya jeep kama magunia. Karibu na ukuta, akiwa anawapa mbuzi maji, alisimama Sadrack. Alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Blanketi moja ilikuwa imeanguka miguuni pake, naye alikuwa ameiokota akaiinua, akampa askari.

Mama na mwana walitazamana.

"Umeona?" Kyakimwa alimwuliza.

"Mama, tafazali," Sadrack alinong'ona. "Hapana kuharibu."

Kyakimwa alipanda ngazi.  Alisimama karibu na benchi lakini hakukaa.

"Papa Stanislas," alisema, "niko naomba radhi. Mumesema duka halifunguliwe leo. Liko wazi. Mama Kahongya iko anatoa blanketi sasa hivi, na bia. Sisi hatukatae kulipa. Juu ya nini basoda bauzishiwe na sisi tuchekwe?"

Alisema basoda, yaani askari, mbele ya mkubwa wao mwenyewe. Kamanda alivua miwani, akamtazama, akaivaa tena.

"Mama huyu anasema mimi ni muongo," Stanislas alisema taratibu. "Ndani ya nyumba yangu. Siku ya Paska."

Ananie alikuwa ameshapiga magoti.

"Baba, mumusamehe. Ni bibi tu. Safari ilimuchokesha, hajui anasema nini. Kyakimwa, omba radhi! Baba, tutalipa amende ya kosa lake. Mbuzi moja ya amende, mbili hata."

"Omba radhi," Ananie alisema tena, akimvuta kitenge.

Kyakimwa alimtazama mume wake kutoka juu, utosi wake unaong'aa, mikono iliyounganishwa mbele ya kamanda badala ya Stanislas, kwa maana katika hofu yake hakujua tena ni nani wa kuombwa. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wamezika watoto wawili pamoja. Alisikia kitu ndani yake kikipoa, na hakikurudi kupata moto.

Ili kumaliza jambo, mjomba mmoja, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alisema binti aitwe kama desturi inavyotaka, aulizwe, kisha wageni warudi kwao wakatafute vilivyobaki. Stanislas alikubali. Alijua binti yake ana hasira, lakini mbele ya wageni hasira ya binti ni machozi tu.

Eliane aliingia kutoka chumba cha pili, ambako kila neno lilikuwa limesikika. Alikuwa amevaa vizuri, na macho yake yalikuwa makavu. Sadrack naye alikuwa amepanda, amesimama karibu na mlango, vidole vyake bado vina maji ya mbuzi.

"Eliane," msemaji alisema, "hawa bageni unabajua? Tukule mbuzi yabo, ao tusikule?"

"Nataka kuuliza kwanza," Eliane alisema. Aligeuka. "Sadrack, ulikuwa chini sasa hivi. Hii kitu mama yako amesema, ni kweli ao ni uongo?"

Sadrack alimtazama Stanislas. Akamtazama kamanda, na bunduki iliyoegemezwa kwenye kabati la vyombo. Akamtazama baba yake aliyepiga magoti, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa.

"Mi... sikuone muzuri," alisema.

Eliane alingoja kidogo, kama anampa nafasi ya pili. Haikutumiwa.

"Basi, musikule mbuzi yabo," alisema. "Na Papa, hii mwaka musipokee tena mbuzi ya mutu juu yangu. Ya mutu yeyote."

Hakumtazama kamanda, lakini kila mtu alimtazama kamanda kwa niaba yake. Kabla hajatoka, alikichukua kile kitenge kutoka magotini mwa shangazi, akakikunja, akampa Kyakimwa kwa mikono miwili.

"Wasingya, mama," alimshukuru kwa Kinande.

*

Kyakimwa aliwafungua mbuzi mwenyewe. Mume wake alikuwa anamwambia waache angalau mmoja, wa amende, ili mlango usifungwe kabisa. Alimpita kana kwamba anapita mti. Aliwaswaga mbuzi watatu katikati ya barabara kubwa ya Butembo, kati ya milango iliyofungwa, huku watu waliovaa vizuri wakisimama kuwapisha na kucheka. Ananie alifuata nyuma sana, ili asionekane ni wa kundi lile.

Sadrack alimfikia mama yake karibu na shule.

"Mama, ulimuona yule kamanda? Alikuwa na bunduki. Niliogopa."

"Mi pia niliogopa," Kyakimwa alisema.

 Jumatatu hakukuwa na gari. Jumanne, maduka yalipofunguliwa, Ananie alisimama mbele ya blanketi zilizotundikwa mlangoni, akasema labda wanunue, labda warudi wakaombe. Hakuna aliyemjibu, naye alifurahi kwamba hakuna aliyemjibu. Wiki iliyofuata dereva wa pickup alieleza kwamba Eliane amerudi kwenye masomo yake, anakaa kwa masista, na baba yake hampelekei hata sabuni. Sadrack alisikia, akasema "vizuri" tu.

Jumapili ile Ananie aliomba nafasi ya ushuhuda. Kanisa la Mutwanga lilikuwa limejaa, watu walikuwa wanangoja habari za posa. Alisimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bapendwa, Bwana asifiwe! Tulifika Butembo, batu ya pale balitutaka sana. Lakini Roho alitufungua macho. Tuliona ile nyumba ni ya bia na basoda. Nikasema, hapana. Mwana wangu hataoa ndani ya giza. Tukachukua mbuzi yetu, tukatoka!"

"Amina!" watu walijibu. Wengine walipiga makofi. Ézéchias mwenyewe alipiga.

Upande wa wanawake, Kyakimwa alisimama. Hakwenda mbele.

"Si sisi tulibakataa," alisema. "Binti njo alitukataa. Alifanya muzuri. Angekuwa mutoto wangu, ningemupigia vigelegele."

Makofi yalikatika. Ananie alibaki mdomo wazi, mkono mmoja bado uko juu. Kyakimwa aligeukia upande wa kwaya, ambako mwanawe alikuwa ameketi safu ya mbele.

"Sadrack, simama," alisema. "Uko mwalimu. Baeleze batu ulichoona."

Kanisa lote liligeuka pamoja naye. Sadrack alifungua kitabu cha nyimbo, akaanza kutafuta ukurasa.